Ukuta, Chokaa na Rangi: Michoro ya Kale Ilitengenezwaje?



Katika falsafa tunajifunza kutoka kwa Aristotle kwamba ili kukijua kitu, tuulize sababu zake nne: kimetengenezwa kwa nini, kina umbo gani, nani alikitengeneza, na kwa lengo gani. Mbele ya picha ya mtakatifu ukutani, wengi wetu huanza na lengo: picha ipo itusaidie kusali. Ni sawa. Lakini leo tuanze na maada, kwa kuwa asiyejua picha imetengenezwa kwa nini anaweza kuiharibu huku akidhani anaipamba.

1. Rangi kutoka ardhini

Mfano wa karibu ni Kondoa. Katika miamba ya Kolo na maeneo jirani, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuna michoro ya kale ya watu na wanyama. Ile myekundu kwa sehemu kubwa ni ya wawindaji. Mingi ya nyeupe ilikuja baadaye, wakati wa wakulima na wafugaji. Wekundu hutokana na oksaidi ya chuma, ile ile inayotia wekundu udongo wa barabara zetu. Chuma hicho kimekwisha kushikana na oksijeni, ndiyo maana rangi yake haipauki upesi. Nyeusi hupatikana kwa mkaa, na nyeupe kwa chokaa au udongo mweupe.

2. Namna mbili za kuishikisha rangi

Unga wa rangi peke yake haushiki ukutani. Wachoraji wa kuta walitumia hasa njia mbili.

Ya kwanza ni fresko. Mawe ya chokaa, au matumbawe kama yanavyochomwa pwani tangu zamani, yakifikia joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya kaboni dioksaidi. Yakizimwa kwa maji, hupatikana chokaa laini ya lipu. Ikiwa ukutani, chokaa hiyo hujirudishia kaboni dioksaidi kutoka hewani na kuwa jiwe tena. Mchoraji hupaka rangi iliyochanganywa na maji tu wakati lipu ingali mbichi, na jiwe linapojijenga huifunga rangi ndani yake. Kwa hiyo kila siku hupigwa lipu sehemu tu inayoweza kumalizika siku hiyo. Ndivyo Michelangelo alivyochora dari ya Kikanisa cha Sistina, mwaka 1508 hadi 1512.

Ya pili ni kuchora juu ya lipu kavu. Hapa rangi huchanganywa na kitu cha kunata, kama kiini cha yai, gundi ya wanyama au utomvu wa mti. Njia hii inaruhusu kusahihisha, lakini rangi hukaa juu juu, na kitambaa chenye maji kinaweza kuiondoa.

Namna hii ya pili ilitumika katika Kanisa Kuu la Faras, Nubia, nchini Sudan. Kati ya 1961 na 1964, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajalifunika eneo hilo, wataalamu kutoka Poland wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walifukua zaidi ya michoro 100 ya Kikristo, mingine ikiwa chini ya lipu iliyopigwa baadaye. Waliibandika karatasi nyembamba kwa nta, wakaibandua ukutani. Baadaye ilihifadhiwa Khartoum na Warsaw. Wasingejua imeshikiliwa na nini, wasingeweza kuibandua salama.

3. Adui ni unyevu

Ukuta wa chokaa hupumua: maji huingia, kisha hutoka. Ukipigwa saruji au rangi ya mafuta, unyevu hukosa njia. Chumvi iliyobebwa na maji hukauka nyuma ya rangi na kuisukuma hadi ibanduke. Hapa Mbingu, chini ya milima ya Udzungwa, tunazijua mvua za masika. Basi matengenezo ya kwanza ya picha ni paa lisilovuja na mfereji unaoyapeleka maji mbali na msingi. Brashi hufuata baadaye.

4. Kanisa linatuagiza nini?

Mtakatifu Yohane wa Damasko alizitetea picha takatifu kwa hoja kwamba Mungu mwenyewe alitwaa mwili. Kwa hiyo maada, ingawa haiabudiwi, inastahili heshima. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, uliithibitisha heshima kwa picha hizo. Nayo kanuni 1189 ya Sheria ya Kanisa inasema kwamba picha zenye thamani kwa ukale, sanaa au ibada zisikarabatiwe bila kibali cha maandishi cha Ordinari, naye kwanza awasikilize wataalamu.

Mtu atasema: kanisa ni nyumba ya sala, si makumbusho, waamini wana haki ya kuta safi. Ni kweli, na kanuni haikatazi ukarabati. Inakataza haraka. Rangi mpya hupakwa kwa siku moja, lakini picha iliyofutwa hairudi.

Kwa hiyo, kabla kamati ya ujenzi haijanunua rangi: tupige picha ukuta wote, tuwaulize wazee nani alichora na lini, tusisugue wala kulowesha, kisha tumwombe Paroko apeleke suala kwa Askofu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika parokia au kigango chetu, ni picha gani ya ukutani iliyo ya zamani kuliko zote?
2. Maji ya mvua yanaelekea wapi yakitoka kwenye paa la kanisa letu?
3. Kuheshimu maada ya picha kunatufundisha nini kuhusu Neno aliyetwaa mwili?