Kijana Mgeni katika Chuo cha Ngoma

Mwezi huu hatutaki kufundisha jambo la mbali, bali jambo lililotujia mlangoni. Mama mmoja wa usharika wetu alikuja na barua ya binti yake mkononi, akasema, "Baba Mchungaji, mwanangu ataka kurudi nyumbani." Binti huyo amekwenda Bagamoyo kusoma sanaa, na huo ulikuwa mwezi wake wa tatu. Hakulalamika juu ya walimu wala juu ya chakula. Aliandika kwamba wenziwe huimba na kucheza mpaka usiku wa manane, na kwamba mwisho wa juma huenda ufukoni na vinywaji, naye hubaki chumbani peke yake. Mwisho aliandika kwamba hata akiugua, hakuna mtu chuoni atakayejua. Neno hilo la mwisho lilimtoa mama yake machozi, na sisi pia lilitugusa.

Tukawauliza wazee wawili wa kanisa waonavyo. Mmoja akasema binti arudi upesi kabla hajapotea. Wa pili akasema akaze moyo, asome, asichanganyike na mtu. Twawaheshimu wazee wetu, walakini hatukuona dawa katika maneno hayo mawili. Kwa hiyo tumeona vema kuliandika jambo hili kwa urefu kidogo, maana vijana wengi wa sharika zetu huenda vyuoni kila mwaka, wala si wote waendao vyuo vya ualimu na uuguzi.

Kwanza yafaa kukijua chuo chenyewe. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka wa 1981, baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na michezo ya kuigiza kuvunjwa. Na tangu mwaka wa 2007 kimekuwa wakala wa serikali, nacho chaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo watu huifupisha wakasema TaSUBa. Tamasha lake la kila mwaka lilianza mwaka wa 1982, na wageni huja kutoka nchi nyingi. Mzazi aliyelelewa katika shule ya misheni, akisikia ngoma zinalia pale tangu asubuhi, hudhani watoto wanacheza tu na ada inapotea. Sivyo. Hiyo ndiyo kazi yao. Kijana Mchaga hufundishwa sindimba ya Wamakonde, Mmakonde hufundishwa bugobogobo ya Wasukuma, Msukuma naye hutaabika na mdundiko wa Wazaramo mpaka viuno vimwume. Kwa njia hiyo kila mwanafunzi ni mgeni katika ngoma ya mwenziwe, hata yule aonekanaye mwenyeji kuliko wote.

Iko tofauti kubwa kati ya ngoma ya darasani na karamu ya usiku. Kijana akizichanganya hizo mbili, atajitenga na zote mbili. Ndivyo alivyofanya binti yetu, kama tulivyoona katika barua yake: mwalimu akisema "basi," yeye ndiye wa kwanza kutoka. Wengine hukaa, hupumzika, hucheka makosa yao, hubeba ngoma kuzirudisha ghalani. Yeye hayumo. Kwake huo ulikuwa uangalifu, walakini kwa wenziwe ulionekana kuwa dharau.

Tuseme kweli, sisi wenyewe katika kanisa tumechangia jambo hili. Wamisionari Walutheri wa kwanza walifika Dar es Salaam mwaka wa 1887, na katika sharika nyingi zilizofuata, pwani na bara, ngoma ilikatazwa. Wako Wakristo waliotengwa na Meza ya Bwana kwa sababu ya kuonekana uwanjani. Hatusemi makatazo hayo hayakuwa na sababu. Ulikuwako ulevi, yalikuwako na matambiko. Lakini hawakuchambua. Walitupa mchele pamoja na makapi, na watoto wetu wakarithi hofu bila kupewa maelezo yake. Leo kwaya zetu hupiga ngoma na kayamba mbele ya madhabahu, na mzee yule yule aliyesema binti arudi upesi hupiga makofi kuliko wote. Hatukumkumbusha hilo siku ile. Labda atalisoma hapa.

Tena jambo la mgeni kutafuta watu kwa njia ya ngoma na karamu si geni katika pwani hii. Katika karne ya 19 Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo Ujiji na Tabora, na wapagazi Wanyamwezi waliingia kwa maelfu kila mwaka. Wenyeji wa mji waliwaita watu wa bara washenzi. Mtu wa bara aliyetaka kuhesabiwa kuwa mtu wa mji alijiunga na watu wa ngoma, akatoa mali yake katika karamu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, amesimulia mengi juu ya ngoma na arusi za pwani katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Ujerumani mwaka wa 1903. Baadaye likaja beni, lililoanza katika miji ya pwani ya Kenya, likaenea sana Tanganyika wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918. Kulikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Wachezaji walivaa kama askari, walipeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme, na kila chama kilitaka karamu yake ipite ya wenzao, hata watu wakaingia katika madeni. Sisi twaweza kucheka. Lakini michango ya karamu itangazwayo leo kwa simu, ambayo mwanafunzi hukopa ili asitajwe kuwa hakutoa, ina tofauti gani na hiyo?

Walakini watu wale hawakuwa wapumbavu. Chama cha beni kilimwuguza mgonjwa wake na kumzika maiti wake. Mpagazi aliyeacha ndugu zake Unyamwezi alijua kwamba akilala na homa mjini, wako watakaobisha mlango. Hilo ndilo walilolinunua kwa ngoma na kwa mali. Basi turudi kwenye barua: binti yetu hakuandika kwamba hana karamu, aliandika kwamba akiugua hakuna atakayejua. Wazee wetu wawili walijibu habari ya karamu, wala hawakujibu habari ya homa.

Swali ndilo hili: je, hakuna mlango mwingine wa kuwafikia watu isipokuwa ule wa usiku?

Tumesoma sote habari za Danieli na wenzake watatu, lakini twadhani wengi huisoma mbio. Walitiwa katika chuo cha mfalme wa Babeli kwa muda wa miaka 3. Walijifunza lugha ya Wakaldayo na elimu yao, wala hawakukataa. Walipewa majina mapya, tena ya kigeni kabisa, wakayapokea. Walikataa chakula na divai ya mfalme tu. Na tazameni namna walivyokataa: Danieli hakupiga kelele mezani, wala hakuwaita wengine waovu. Alikwenda kwa msimamizi, akamwomba kwa adabu, akataka wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji. Mkuu wa matowashi alikuwa amekwisha kumpenda. Twapenda mkumbuke jambo hili, kwamba kijana aliyekataa divai alipendwa na watu wa nyumba ile ile.

Na Bagamoyo penyewe pana mfano wa karibu zaidi. Marehemu Hukwe Zawose, fundi mkuu wa zeze na ilimba, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Aliishi na kufundisha Bagamoyo, akafariki mwaka wa 2003, naye alikuwa amejulikana mpaka Ulaya. Aliimba kwa Kigogo katika mji wa Waswahili. Hakujigeuza kuwa mtu wa pwani ili watu wamsikilize, walakini kila siku alifanya kazi pamoja nao.

Hapa yatupasa kusema habari zetu wenyewe, ingawa hazitupi sifa. Tulipokuwa vijana tulisoma katika chuo kilichosifika kwa mpira. Jioni wote walikuwa uwanjani, na asiyecheza hakuhesabiwa. Miguu yetu haikujaliwa akili hata kidogo. Basi tukasingizia goti. Muhula mzima tulichechemea kwa bidii kubwa, mpaka siku moja mvua ilipotukuta njiani, wenzetu wakatuona tukikimbia kama swala. Tuliona haya majuma mengi. Si kwamba hatukuweza kucheza. Hilo wangalisamehe siku ya kwanza. Waliudhika kwa kudanganywa. Kisha mmoja wao akatupa nguo na saa yake tumshikie wakati wa mchezo, na kesho yake wakawa watatu, na mwisho tukawa watunzaji wa nguo za timu nzima. Mtunza nguo husikia kila ugomvi, na mtu akiumia yeye huitwa kwanza. Hatukupiga goli hata moja miaka yote ile, na baadhi ya wachezaji wale ni ndugu zetu mpaka leo.

Basi tulimwandikia binti barua, na mama yake ametupa ruhusa kueleza yaliyomo. Tulimwambia asianze na karamu, aanze na ile nusu saa baada ya mazoezi. Abebe ngoma pamoja na wengine. Ajifunze kuzipasha moto ili ngozi ikaze, kazi ambayo haimpendezi mtu akiifanya peke yake. Amwombe mwenziwe amwonyeshe hatua asiyoiweza, maana mtu uliyemwomba msaada hawezi tena kusema unamdharau. Tena atazame vema chumbani na darasani: katika kila chuo chenye kelele wako wakimya wengine wawili watatu, na kila mmoja adhani yu peke yake.

Akialikwa kwenye sherehe ya mwenziwe, ya kuzaliwa au ya kumaliza mtihani, tulimshauri aende mapema, wakati wa kupika, amenye viazi, ale, acheze kama apenda, aondoke kabla ya usiku kuwa mkubwa. Aseme tangu mwanzo, "Nitakuwapo mpaka saa tatu." Asisingizie kichwa kuuma, akumbuke goti letu. Akipewa pombe akatae kwa kucheka, mara ya pili vivyo hivyo; wala asiigeuze soda yake kuwa mahubiri juu ya chupa ya jirani. Habari ya michango aseme kiasi awezacho mapema, wala asikope. Asiye na fedha ana mikono, na sherehe yoyote huhitaji mikono kuliko inavyohitaji fedha.

Juu ya ufukoni usiku tulisema kwa ukali zaidi. Asiende na watu asiowajua, asirudi peke yake, na akienda na mwenziwe warudi wote wawili. Na ikiwa mtu yeyote, mwanafunzi au mkubwa, ataka mwili wake uwe bei ya urafiki au ya alama za mtihani, hilo si jambo la kuzoeana na watu hata kidogo. Ni uonevu. Amwambie msimamizi wa wasichana siku ile ile, na mama yake, na sisi, wala asiogope kwamba tutamwuliza alikuwa akifanya nini huko. Wazazi msomao haya, tafadhali mjiulize kama binti yenu anajua kwamba hamtamwuliza hilo kwanza.

Hatukumkataza kukaa na Wakristo wenziwe, bali tulimwonya asijifiche kwao. Na atoke aende mjini pia. Watu wa Bagamoyo wengi ni Waislamu, wenye adabu ya zamani, kijana asemaye shikamoo barazani na kupiga hodi vema, kisha akanunua vitumbua kwa mama yule yule kila asubuhi, baada ya mwezi mmoja hupata mtu wa kumwuliza, "Jana hukupita, mwanangu, kulikoni?" Huo nao ni mlango, wala hauna kiingilio.

Mama alirudi kwetu baada ya miezi miwili na barua nyingine, fupi kuliko ya kwanza. Binti bado hapendi kelele za usiku, na ameomba kubadilishiwa chumba. Alishikwa na homa siku mbili; msichana mmoja katika wale waendao ufukoni alimpikia uji na kumsindikiza hospitali. Habari hii imeandikwa katikati ya barua, kwa mstari mmoja tu, kana kwamba si kitu. Mwishoni aomba jozi ya kanga kwa ajili ya mazoezi ya mdundiko, tena apelekewe upesi, maana tamasha li karibu. Mama alituuliza anunue kanga zenye maneno gani. Hilo tulimwachia mwenyewe.