Somo la Afya: Kichocho na Faida ya Kupimwa Mapema

Ndugu wanachama,

Mkarafuu ukianza kukauka matawi ya juu, mkulima hangoji mti wote ufe. Mwili nao ni vivyo hivyo. Mwezi huu twapenda kueleza habari za kichocho, maradhi yanayojulikana sana Unguja na Pemba.

Kichocho huletwa na minyoo. Mwaka 1851, huko Cairo, daktari wa Kijerumani Theodor Bilharz aliiona minyoo hiyo katika mishipa ya damu ya maiti. Hukaa karibu na kibofu na kutaga mayai yenye mwiba. Mgonjwa akikojoa kijitoni au katika bonde la mpunga, mayai huanguliwa, vijidudu vikaingia ndani ya konokono wa maji, na baada ya wiki kadhaa vikatoka kumtafuta mtu. Hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Basi wachumaji wanaoteremka mtoni kukoga baada ya kazi, watoto wanaoogelea na wanawake wanaofua, wote wamo hatarini.

Dalili yake kubwa ni damu katika mkojo, hasa matone ya mwisho, pamoja na maumivu. Wapo wanaodhani kuwa kwa mvulana hiyo ni alama ya kubaleghe. Sivyo hata kidogo. Tena mara nyingine damu haionekani kwa macho.

Twataja habari za watu wawili, bila majina. Mwenzetu mmoja alikojoa damu tangu ujana akaona haya kusema. Alipofika hospitali, umri umekwisha kupita miaka 50, alikutwa na saratani ya kibofu, ambayo kichocho cha muda mrefu huweza kuileta. Alipasuliwa, naye yu hai, lakini kazi ya shamba imemshinda. Wa pili ni mtoto wa mwanachama. Alipoona wekundu alimwambia mama yake siku ile ile. Alipimwa, akapewa vidonge vya prazikwanteli, na wiki chache baadaye mkojo wake ulikuwa safi.

Wanawake nao wasisahauliwe. Kichocho huweza kuingia njia ya uzazi, kikaleta vidonda, damu na hata ugumba. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ni maradhi ya zinaa, mke akalaumiwa bure. Mume mwenye busara hamshuku mkewe. Humpeleka kupimwa, naye akapimwa pia.

Basi yafaa tushike haya:

1. Mkojo upimwe. Mayai huonekana zaidi katika mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana.

2. Dawa imezwe yote kama ulivyoagizwa, pamoja na chakula. Huua minyoo mikubwa, si michanga. Kwa hiyo rudi kupimwa tena. Wala haizuii kuambukizwa upya.

3. Tusikojoe majini. Tutumie choo, na tukoge maji ya mfereji au kisima.

Msimu wa kuchuma ukikaribia, kila mwenye shamba na awape wachumaji wake ruhusa ya kwenda kupimwa. Karafuu zitangoja siku moja. Wazee walisema, mficha uchi hazai.

Wassalaam,
Katibu wa Chama