Chumvi Chini ya Rangi: Kupaka Upya Tela la Mashua

Tela la chuma linaloingizwa baharini kushusha mashua huoga maji yenye chumvi ipatayo gramu 35 katika kila kilo, kisha huanikwa juani. Baada ya misimu michache rangi yake hufanya malengelenge na kubambuka. Mwenyewe huchukua brashi ya waya, akasugua hata chuma king'ae, akapaka rangi mpya siku iyo hiyo. Haupiti muda malengelenge hurudi, aghalabu palepale yalipokuwa. Lawama huangukia rangi, ilhali kosa liko chini yake.

Kutu hupatikana chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Lakini kazi hiyo haifanyiki mahali pamoja. Katika sehemu moja atomi za chuma huacha elektroni na kuingia majini zikiwa ioni. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako hupokewa na oksijeni na maji, zikapatikana ioni za haidroksidi. Huo ni mkondo wa umeme, kama ule wa betri. Chumvi huuharakisha, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji baridi.

Jambo hili laweza kuonekana darasani. Bamba la chuma lisuguliwe kwa msasa, kisha lidondoshewe tone la maji ya chumvi yaliyotiwa finolfthalini na potasiamu ferisianidi kidogo kidogo. Punde ukingo wa tone, unaopata hewa kwa wingi, huwa wa rangi ya waridi kwa sababu ya haidroksidi. Katikati huwa buluu, dalili ya ioni za chuma. Jaribio hili hukumbukwa kwa jina la Ulick Evans wa Cambridge. Ajabu yake ni kwamba chuma huliwa pale pasipofikiwa sana na hewa.

Katika tela, mahali pa namna hiyo ni chini ya lengelenge, kwenye maungio ya bolti, na ndani ya vishimo vya kutu. Ioni za kloridi, kwa kuwa ni hasi, huvutwa huko na kubaki, zikifyonza unyevu wa hewa. Brashi ya waya hung'arisha vilele tu na kuviacha vishimo vimejaa.

Kwa hiyo kazi huanza kwa maji baridi, si kwa brashi. Tela lioshwe kwa wingi, likwanguliwe, lioshwe tena, kisha liachwe usiku kucha bila rangi. Asubuhi vidoa vyeusi vitaonyesha chumvi ilipobaki. Hapo paoshwe na kusuguliwa upya. Mtu mwenye haraka hukiona kipimo hiki kuwa upotezaji wa siku, naye ndiye atakayerudia kazi yote. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu. Zisuguliwe zikiwa na maji ili vumbi lisiruke, na watoto wawe mbali.

Rangi ya msingi yenye unga mwingi wa zinki hufaa sana, maana zinki huacha elektroni upesi kuliko chuma, hivyo huliwa badala yake. Mwaka 1824 Humphry Davy alitumia kanuni hiyohiyo kulinda mabamba ya shaba ya merikebu za Uingereza. Sharti lake ni kwamba zinki iguse chuma kitupu. Ikipakwa juu ya kutu, ulinzi huo hupotea. Kingo na maungio yapakwe kwanza kwa brashi, kwa sababu rangi mbichi hukimbia ncha kali. Kazi ianze umande ukishakauka, ikome kabla haujarudi jioni.

Fremu ya mabomba ya mraba huliwa pia kutoka ndani, mahali ambapo brashi haifiki. Kabla ya kununua rangi igongwe kwa nyundo, hasa karibu na ekseli na penye uchomeleaji. Ikibonyea, au ikitoa sauti butu, tela hilo halihitaji rangi bali chuma kipya, kwani litakatika barabarani likiwa na mashua juu yake.