SAMAKI WANGAPI BWAWANI?
Somo kwa wakulima wa Rangwi na milima ya Usambara

1. Sababu ya somo hili

Kuchimba bwawa ni kazi ya majuma mengi ya jembe na ya kubeba udongo. Mtu aliyejitaabisha hivyo, akiisha kufungulia maji ya mfereji, hutamani kuona samaki tele. Basi hutia vifaranga ndoo baada ya ndoo, akidhani kwamba wingi wa mbegu ndio wingi wa mavuno. Baada ya mwaka huvuta wavu, naye hupata samaki elfu na zaidi, kila mmoja urefu wa kidole. Watoto hawashibi, wala mnunuzi hapatikani. Hapo husema kwamba mbegu ilikuwa mbovu. Walakini kosa halikuwa katika mbegu, wala katika maji; lilikuwa katika hesabu.

Jambo hili mnalijua tangu zamani katika mahindi. Mbegu sita zikiachwa kukua katika shimo moja hutoa mabua membamba yasiyo na magunzi. Bwawa ni shamba kama shamba jingine, nalo lina kiasi chake.

2. Samaki tunaowataja

Samaki afaaye kwa mkulima mdogo ni perege. Bonde la mto Pangani, chini ya milima yetu, lina perege wa asili. Mmoja wao alipewa jina la Korogwe katika vitabu vya elimu ya samaki, na aliyemweleza mara ya kwanza, mwaka 1955, ni Bibi Rosemary Lowe, Mwingereza. Lakini perege anayefugwa zaidi katika mabwawa ya Tanzania ni yule ambaye watu wa Ziwa Victoria humwita sato. Huyu hukua upesi, ila akitorokea mtoni huzaana na perege wa asili na kuharibu kizazi chao. Kwa hiyo, kabla ya kununua vifaranga, mwulizeni Afisa Uvuvi wa Wilaya ni aina gani iruhusiwayo, na mzibe mdomo wa bomba la kutolea maji kwa wavu wenye matundu madogo.

3. Mambo mawili yanayoweka mpaka

Jambo la kwanza ni chakula. Perege hula mimea midogo sana isiyoonekana kwa jicho moja moja, ambayo ikiwa mingi hufanya maji yawe ya kijani. Mimea hiyo hutaka mwanga wa jua, na mwanga haufiki mbali chini ya maji. Ndiyo sababu twapima bwawa kwa upana wa uso wake, wala si kwa kina. Bwawa la kina cha mita tatu halilishi samaki mara tatu ya bwawa la mita moja.

Jambo la pili ni hewa iitwayo oksijeni. Mchana mimea ya majini hutoa hewa hiyo, na samaki huivuta. Usiku mimea haitoi tena, bali nayo huivuta pamoja na samaki, na samadi inayooza huivuta vilevile. Hivyo saa ya hatari ni alfajiri. Bwawa lenye samaki wengi mno laweza kuonekana zuri saa nane mchana, na kesho yake asubuhi mkawakuta wamekufa. Majani makubwa ya majini yakiachwa kufunika uso wa maji huzidisha hatari, kwa kuwa huzuia mwanga usifike chini. Yang'oeni, mkayatupe mbali na ukingo.

4. Namna ya kuhesabu

Pimeni urefu na upana wa maji yenyewe, si wa shimo lote. Bwawa la mita 15 kwa mita 10 lina mita za mraba 150. Kisha fuateni kanuni hii:

(a) Bwawa lisilopata samadi wala pumba: kifaranga 1 kwa kila mita ya mraba.
(b) Bwawa linalotiwa samadi kila juma, na majani au pumba kidogo: vifaranga 2.
(c) Bwawa linalotiwa samadi, na pumba kila siku bila kukosa: vifaranga 3.

Hapa Rangwi walio wengi watakuwa katika daraja (b). Basi bwawa letu la mita 150 litapokea vifaranga 300.

Mtu atasema: Vifaranga 300 hawaonekani majini, ni kama bwawa tupu. Ni kweli leo, kwa kuwa kila mmoja ana gramu chache tu. Lakini msihesabu samaki kwa ukubwa wa siku ya kupanda. Hesabuni kwa ukubwa wa siku ya kuvua. Tuseme, kwa mfano, kwamba chakula cha bwawa hilo chatosha kufanya kilo 30 za samaki. Kilo 30 zikigawanywa kwa samaki 300, kila mmoja hupata gramu 100, naye yuafaa kuliwa. Zikigawanywa kwa samaki 1,500, kila mmoja hupata gramu 20, naye ni mifupa na magamba. Uzito wa jumla ni ule ule. Lakini mkulima wa kwanza ana kitoweo, na wa pili amenunua vifaranga 1,200 bure.

5. Kulisha maji

Tieni samadi ya ng'ombe katika kizimba cha vijiti kwenye pembe ya bwawa, kiasi cha kilo 10 kwa kila mita za mraba 100 kila juma. Kisha pimeni maji kwa mkono. Inameni ukingoni, mkazamishe mkono wima huku kiganja kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikipotea machoni maji yafikapo kwenye kiwiko, maji ni mazuri. Kikipotea mapema zaidi, acheni samadi kwa muda. Kikionekana hata baada ya kiwiko, ongezeni.

Tena, msiache mfereji upite bwawani usiku na mchana. Maji yapitayo daima huchukua rutuba yote kwenda bondeni, nayo huleta baridi. Fungulieni maji ya kujaza kilichopungua tu. Kwa njia hiyo jirani zenu wa chini nao watapata zamu yao kwa ajili ya mboga na maharagwe.

6. Baridi ya milimani

Perege hupenda maji ya joto, nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo na hukua polepole. Kwa sababu hiyo msijilinganishe na mtu wa Korogwe. Yeye aweza kuvua baada ya miezi sita. Ninyi huenda mkangoja miezi tisa au zaidi, kwa kuwa Juni, Julai na Agosti samaki wenu watakuwa kama waliolala. Afadhali kupanda vifaranga mwanzo wa miezi ya joto, ili wawe wamepata nguvu kabla ya baridi. Na siku za ukungu mzito, jua lisipoonekana, msitie samadi wala pumba nyingi; mimea haitengenezi hewa ya kutosha, na chakula kisicholiwa huoza.

7. Kuzuia idadi isiongezeke

Hata mkihesabu vema siku ya kwanza, perege watawaharibia hesabu. Katika maji ya joto huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi. Jike wa sato hubeba mayai kinywani mpaka yaangue, na kila mara aweza kutoa mamia. Majike 20 wakiangua watoto 200 kila mmoja, bwawa la samaki 300 limepata wageni 4,000, wote wakigombea chakula kile kile. Zipo njia tatu za kuzuia:

Ya kwanza, vueni wadogo mara kwa mara kwa wavu wa matundu madogo. Wakaangeni, au wapeni kuku.

Ya pili, tieni kambare mmoja kwa kila perege 20, baada ya perege kukua. Kambare awe mdogo kuliko perege wenu, ili ale watoto wao tu.

Ya tatu, fugeni madume peke yao. Samaki afikapo gramu 30 hivi, mgeuzeni tumbo juu, mkapake wino kidogo nyuma ya tundu la haja. Dume ana matundu mawili kwa jumla. Jike ana matatu. Kazi hii yataka macho mazuri na saburi, lakini madume hukua upesi kuliko majike.

Siku ya kuvua kabisa, toeni maji yote, mkaliache bwawa likauke siku kadhaa, ili wadogo waliojificha topeni wasibaki kuwa mbegu ya msongamano mpya.

8. Dalili za samaki kuzidi

Nendeni bwawani alfajiri, angalau mara mbili kwa juma. Mkiona samaki wengi wamepanda juu, vinywa wazi, wakivuta hewa, na mkipiga kishindo hawazami upesi, basi hewa imepungua. Siku hiyo fungulieni maji mapya, msitie samadi wala chakula, kisha punguzeni samaki kwa wavu.

Wekeni daftari pia: siku ya kupanda, idadi, waliokufa, waliovuliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujipima

1. Bwawa la mita 12 kwa mita 8 hutiwa samadi kila juma. Lipandwe vifaranga wangapi?
2. Kwa nini hatuhesabu samaki kwa kina cha maji?
3. Samaki hupungukiwa hewa zaidi saa gani, na kwa sababu gani?

Jibu la swali la kwanza: mita za mraba 96, vifaranga 192.