Swali Lililochekwa
Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari huko Tanganyika, aliona maziwa ya aiskrimu aliyoyatia jokofuni yakiwa moto yakiganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu wake alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, mjini Iringa, alimwuliza Profesa Denis Osborne, mgeni kutoka Dar es Salaam, wenzake wakamcheka. Profesa naye hakuamini, lakini aliahidi kulijaribu swali lile, akatimiza (kwetu sisi hapo ndipo penye ualimu). Mwaka 1969 walitoa makala pamoja. Wataalamu wangali wakibishana, na jambo lenyewe huitwa kwa jina la mwanafunzi. Katika mazoezi ya kufundisha tumeona maswali kama hayo yakizimwa, ilhali vyombo vya kuyajaribia vilikuwamo darasani.