Ndege Angani na Macho ya Mtu

Ndege kubwa ikipita juu sana, watoto husema: «Tazama, inakwenda polepole!» Ndege ndogo ikipita karibu na vichwa vya miti, husema: «Ile ina mbio kama mshale!» Je, maneno yao ni kweli? Hapana. Ile kubwa ndiyo yenye mbio zaidi. Somo hili linaeleza kwa nini macho huona hivyo, tena kwa nini inafaa kila mtu ajue jambo hili.

1. Mbio ya ndege

Ndege kubwa ya safari ndefu huruka juu kadiri ya meta 10,000. Mbio yake ni kadiri ya kilometa 900 kwa saa moja, maana yake meta 250 kwa sekunde moja. Ndege ndogo inayopita meta 300 tu juu ya kijiji, kwa mbio ya kilometa 200 kwa saa, huenda meta 55 kwa sekunde moja. Basi ile kubwa inaizidi ndogo zaidi ya mara nne.

Lakini jicho halihesabu meta. Jicho hujua tu kama mtu amegeuza kichwa kidogo au sana ili aifuate ndege.

Fanyeni hivi. Nyosheni mkono kuelekea juu, mkunje ngumi, mfumbe jicho moja. Ngumi inafunika kipande cha mbingu. Pale ndege ndogo inapopita, nyuma ya ngumi mna meta 50 tu hivi, nayo inazivuka kwa sekunde moja. Kule juu inakopita ndege kubwa, ngumi ile ile inafunika zaidi ya kilometa moja na nusu. Ndege kubwa inahitaji sekunde 7 kuivuka. Ndiyo sababu inaonekana kama mvivu.

2. Kupanda na kushuka

Ndege inayokuja kutoka mbali huonekana kwanza chini, karibu na vilima. Halafu inapanda polepole, inapita juu ya kichwa kwa haraka, kisha inashuka upande wa pili kama inayotaka kuanguka. Lakini haikupanda wala haikushuka. Ilikwenda sawa tangu mwanzo hata mwisho.

Ingieni katika kanisa refu, msimame mlangoni. Dari ya karibu iko juu ya kichwa. Dari ya mbali, kule altareni, inaonekana kuwa chini zaidi. Sakafu nayo inaonekana kupanda kidogo kidogo. Walakini fundi alijenga vyote sawa. Kanuni yake ni hii: kitu kilicho juu ya macho, kikiwa mbali, huonekana kushuka, kitu kilicho chini ya macho, kikiwa mbali, huonekana kupanda. Vyote hukaribia mstari ule ambapo mbingu na nchi huonekana kukutana. Mstari huo huitwa upeo wa macho.

3. Marubani waliodanganyika

Rubani ni mtu aendeshaye ndege. Naye ana macho kama watu wote. Akiona ndege nyingine juu ya upeo wa macho, anajua kwamba inaruka juu kuliko yake. Akiiona chini ya upeo, inaruka chini kuliko yake. Akiiona juu ya mstari wenyewe, ziko sawa, na hatari iko.

Tarehe 4 Desemba 1965, ndege mbili zilikuwa zinakwenda kushuka katika viwanja vya upande wa New York, katika nchi ya Marekani. Moja ilitoka Boston na watu 54. Nyingine, yenye watu 58, ilitoka San Francisco. Ile ya pili iliruka meta 300 juu ya ile ya kwanza. Hapakuwa na hatari yo yote.

Lakini siku hiyo mawingu yalifunika nchi, na mgongo wa mawingu ulikuwa umeinama kama mteremko wa kilima. Marubani wa ndege ya Boston walipotoka katika wingu, hawakuona upeo wa kweli. Waliona mstari wa mawingu tu, wakadhani ndio upeo. Ndege ya pili ilionekana kuwa sawa nao, tena inawajia. Wakavuta ndege yao juu kwa nguvu ili wajiokoe, na kwa kufanya hivyo wakaifikia ile nyingine. Zikagongana.

Ndege ya San Francisco ilipoteza ncha ya bawa lake la kushoto, lakini ikashuka salama kiwanjani. Ya Boston iliharibika mkia, hata vyombo vya kuiongoza havikufaa tena. Rubani mkuu, Charles White, na wenzake waliiongoza kwa kuzidisha na kupunguza nguvu za mashini tu, wakaishusha katika shamba la kilimani. Moto ukawaka. Charles White alirudi kati ya abiria kumsaidia mtu aliyekwama, akafa humo. Watu wanne walikufa; hamsini walipona.

Wakubwa waliochunguza ajali hiyo waliandika kwamba mteremko wa mawingu ndio uliodanganya macho. Siku hizi ndege kubwa zina chombo kinachojulishana na chombo cha ndege nyingine, na kumwambia rubani: panda, au shuka. Rubani mwenye akili husikiliza chombo, hata kama macho yanasema neno lingine.

4. Njiani

Mwanafunzi hana chombo cha namna hiyo, lakini anavuka barabara. Motokari inayopita mbele yake huonekana kwenda mbio, kwa kuwa inahama kutoka upande mmoja hata mwingine. Motokari inayokuja moja kwa moja kutoka mbali huonekana kama imesimama. Haihami, inakua tu, kwanza polepole, kisha ghafula inakuwa kubwa. Hiyo ndiyo ya kuogopa. Kitu kisichohama machoni, bali kinazidi kukua, kinakuja kwako. Usikimbie mbele yake. Ngoja kando hata ipite.

Maulizo

1. Kwa nini ndege iliyo juu sana huonekana kwenda polepole?
2. Ndege inayokwenda mbali huonekana kushuka. Je, inashuka kweli? Eleza kwa mfano wa dari.
3. Mwaka 1965 marubani walidhani nini kuwa upeo wa macho?
4. Motokari ipi ni ya hatari zaidi: ile inayohama machoni, au ile inayokua tu? Kwa nini?