Dondoo muhimu: Kuishi na Mto Kuja

Tazama mawingu ya Kisii kabla ya kutazama ya kwako. Kuja, ambao huko juu huitwa Gucha, huanzia nyanda za juu za Nyamira na Kisii, ukapokea maji ya Mto Migori, kisha ukaingia Ziwa Victoria huko Nyatike. Jua linaweza kuwaka Nyatike ilhali mafuriko yako njiani. Huku chini ardhi ni tambarare, na mto ukifurika hutanda mashambani na barabarani. Masika yakianza, kuanzia Machi hadi Mei, peleka nafaka, mifugo na vyeti vya watoto mahali pa juu bila kungoja maji yafike mlangoni.

Usivuke kwa miguu maji yakigeuka rangi ya udongo. Hutaona shimo wala gogo. Karibu na ziwa, jihadhari na viboko na mamba, hasa kukianza kuingia giza.

Wachimbaji wa dhahabu wa Macalder na kwingineko, tafadhali: msioshee mchanga wenye zebaki mtoni. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi zebaki, na samaki huibeba hadi kwenye sahani ya mtoto. Anayeishi chini ya machimbo na achote maji ya mvua au ya kisima kilichopimwa.

Mvuvi naye asizibe mto kwa nyavu wakati wa mvua. Ndipo ningu hupanda kutoka ziwani kwenda kutaga mayai, na samaki huyu amepungua mno.